Katikati ya mwaka ni lini hasa?

Mtu akisema "tutalipana katikati ya mwaka", amesema nini? Wengi watajibu: Juni au Julai, hukohuko.

Wapo wasioridhika na hiyo "hukohuko". Kwao katikati ni nukta moja, nayo inahesabika. Katika mwaka wa siku 365, siku ya 183 ni 2 Julai. Kabla yake kuna siku 182 na baada yake 182, kwa hiyo katikati yenyewe ni saa sita mchana ya siku hiyo. Mwaka mrefu, wa siku 366, hugawanyika saa sita usiku, 1 Julai ikiisha. Na 30 Juni wanayoipenda wahasibu? Ikiisha, katika mwaka wa kawaida zimepita siku 181 na zimebaki 184. Hesabu haina ubishi.

Lakini neno "katikati" halijawahi kubanwa hivyo. Anayeishi katikati ya mji hajajenga juu ya nukta, na katikati ya wiki inaweza kuwa Jumanne jioni bila mtu kulalamika. Hata wataalamu wa takwimu hawajisumbui na saa: makadirio ya Umoja wa Mataifa ya idadi ya watu katikati ya mwaka huchukua 1 Julai, basi. Hapo naungana na walegevu, ila wasichanganye "katikati ya mwaka" na "nusu mwaka". Nusu mwaka ni muda, yaani miezi sita, popote inapoanzia. Ripoti ya nusu mwaka inaeleza yaliyotokea ndani ya miezi hiyo. Katikati ya mwaka ni wakati unaofika.

Ninachoona ni kwamba pande zote mbili zinabishania neno lisilo na kosa. Kinachopotosha ni "mwaka". Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai Tanzania, Kenya na Uganda, 1 Aprili Japani, na 1 Oktoba kwa serikali kuu ya Marekani. Kwa mhasibu wa serikali Dodoma au Nairobi, katikati ya mwaka wake wa kazi ni mwisho wa Desemba, wakati wengine wanafunga mwaka. Mkandarasi aliyeahidiwa malipo "katikati ya mwaka" bila tarehe atayasubiri Juni, kumbe aliyemwahidi alikuwa anahesabu kuanzia Julai.