Bagamoyo kwa Siku Moja: Je, Kukodi Mwongozaji Wako Mwenyewe ni Anasa?

Wapo Watanzania wengi, wakiwamo wasomi na watu wenye kipato kizuri, wanaoona kwamba kukodi mwongozaji wa familia yenu peke yenu kwenda kutazama magofu na mahali pa ibada ni mambo ya wageni. Mgeni anakodi kwa sababu hajui lugha wala njia. Sisi lugha tunayo, njia tunaijua, na jumuiya hukodi basi kila mwaka. Ya nini kumlipa mtu atusimulie nchi yetu wenyewe? Hoja hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na siichukulii kuwa ya kipuuzi. Lakini naamini imemwelewa vibaya mwongozaji na kazi yake, na mahali pazuri pa kulionyesha hilo ni Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam. Huko, ndani ya eneo dogo, yapo magofu ya Kaole yaliyoanza karne ya 13, misheni ya Kikatoliki ya mwaka 1868, na kaburi la shehe wa Qadiriyya, tarika ya Kisufi, ambaye waumini humzuru hadi leo.

Wanaopinga wana mambo matatu. La kwanza ni pesa. Gari la kukodi kutwa nzima, mafuta, viingilio, ujira wa mwongozaji na chakula cha mchana kwa watu wanne haviwezi kushindana na nauli ya kiti kimoja kwenye basi la kwaya. Kwa nyumba inayohesabu ada za shule, mjadala unaishia hapo, na sina la kuwalaumu.

La pili ni usimulizi wenyewe. Waongozaji wengine wamekariri. Ukifika Kaole utaambiwa uuzunguke mbuyu ili uongeze umri, utaonyeshwa kaburi la wapenzi waliozama, utapelekwa kisimani kwenye maji yasiyokauka, kisha utarudishwa getini. Anayekwenda na akili ya kuchunguza huondoka na hisia kwamba amelipia ngano.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Hija hufanywa na watu pamoja. Mkatoliki anayekwenda Bagamoyo na jumuiya yake anasali rozari njiani, anaimba, anakula chakula kilichopikwa na wenzake, anaingia kwenye groto ya Bikira Maria akiwa amebanana na watu wa imani moja naye. Muridi, yaani mfuasi, wa Qadiriyya anayehudhuria ziara ya kaburi la shehe husimama kwenye zikri bega kwa bega na ndugu zake. Mtu aliyekuja na mwongozaji wa kukodi anabaki pembeni akitazama. Wanaosema hivi wanasema kweli, na nitalirudia jambo hili mbele.

Lakini tuanze na yale magofu. Kaole ina mabaki ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu, na kwenye nguzo hizo yapo mashimo ya mviringo yaliyopachikwa vibakuli vya kaure kutoka Uchina. Bandari ilijaa tope, mikoko ikaisogelea, mji ukafifia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Hayo yameandikwa kwenye kibao. Kisichoandikwa kwenye kibao ni swali ambalo kila Mswahili mwenye kutafakari hujiuliza akiwa amesimama hapo: walioujenga mji huu ni nani kwangu?

Ukiwa na watu sitini utaambiwa ni Washirazi, yaani watu waliotoka Uajemi, na msafara utasogea kaburi linalofuata. Ukiwa na mwongozaji wako mnaweza kukaa kwenye kivuli mkalichambua. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kaole mwaka 1958, alikuwa wa kizazi cha wataalamu walioona miji hii kama kazi ya wahamiaji kutoka ng'ambo. Waliofuata waligeuza mtazamo huo, wakaonyesha kuwa miji ilikua kutoka vijiji vya wenyeji, wavuvi na wakulima wenye lugha ya Kibantu, na kwamba nyumba za mawe zilizungukwa na nyingi zaidi za udongo na miti ambazo hazikuacha kuta. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani, ikiwamo Kilwa na Songo Mnara. Kaole haikuwamo, ila majibu yanaihusu pwani nzima: upande wa kina mama asili ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na upande wa kina baba asili ya Kiajemi ilikuwa nyingi, kuchanganyika kukiwa kumeanza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo bibi aliyesimulia habari za Washirazi hakuwa mwongo, na mwalimu aliyesema mji ni wetu hakukosea. Jambo kama hilo linataka mazungumzo, na mazungumzo hayafanyiki kwa kipaza sauti mbele ya mabasi mawili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolalamikia ngano za waongozaji. Mtu hukariri kwa sababu hadhira haimuulizi. Kundi kubwa lina dakika chache, watoto wanataka maji, dereva anapiga honi, na anayesimulia anajifunza kutoa kile kinachowafurahisha watu haraka. Wakiwa mbele yake watu watatu wanaomuuliza "hili umelijuaje?", mwongozaji yule yule hubadilika. Atakuambia lipi lilichimbwa na lipi alilisikia kwa wazee. Atakuambia pia kwamba kaburi la Sharifa, pale pale Kaole, bado linatembelewa na watu wanaokuja kuomba dua na kuacha sadaka, na kwamba Waislamu wenyewe hawakubaliani kuhusu jambo hilo. Atakuomba usilikanyage wala usipige picha mtu akiwa anaomba. Nimewaona wageni wa basi wakilipita kaburi hilo kwa kelele, wasijue kama wamepita mahali pa ibada. Sidhani walikuwa watu wabaya. Hakuwapo wa kuwanong'oneza.

Lakini Kaole siyo sababu yangu kubwa. Sababu yangu kubwa ni kwamba mabasi ya Bagamoyo, yote kwa nia njema, yanatugawa.

Basi la Wakatoliki linakwenda misheni. Wanaona msalaba wa pwani, mnara wa kanisa la zamani, mbuyu uliopandwa 1868 na mnyororo wake, makumbusho, makaburi ya wamisionari, groto, kisha wanarudi nyumbani. Basi la ziara linakwenda kwa Sheikh Ramiya, yule shehe wa Qadiriyya, na nalo linarudi. Basi la shule linapita Kaole na Boma la Wajerumani. Kila moja limefika Bagamoyo, na hakuna hata moja lililosikia habari nzima ya mji.

Habari nzima ni ya barabara moja. Njia ya misafara iliyoanzia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora na kuishia Bagamoyo, ilikuwa na urefu wa kama kilomita 1,200. Ilipitisha pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, na ilipitisha watu waliofungwa. Kwenye njia hiyo aliletwa Yahya bin Abdallah, kutoka Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, akiwa mtumwa. Alikuja kuwa huru, akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya, akaufanya mji huu kituo cha tarika kilichovuta wanafunzi wa bara na pwani, wengi wao watu ambao waungwana wa zamani hawakuwahesabu kuwa kitu. Ndiye Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Kwenye njia zile zile za biashara ya watumwa walitoka watoto ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwakomboa kwa fedha, wakawaweka misheni na baadaye kwenye Kijiji cha Uhuru, wakawafundisha dini, kilimo na ufundi. Na kwenye sehemu ya barabara hiyo hiyo, Februari 1874, ulifika mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti aliyefia Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Ulikuwa umebebwa miezi tisa na watu walioongozwa na watumishi wake, Chuma na Susi.

Wazieni kidogo juu ya hilo. Mtumwa wa Manyema aliyekuja kuwa walii, mtoto aliyekombolewa akabatizwa, na wapagazi wa Kiafrika walioamua wenyewe, bila amri ya mtu, kumrudisha mfu kwao: wote wametembea udongo mmoja, wamefika ufuo mmoja, na ndani ya miaka iliyokaribiana. Leo wajukuu wa imani zao wanakuja Bagamoyo kwa mabasi tofauti, siku tofauti, wanashuka mitaa tofauti, na wanaondoka bila kujua kwamba machozi yaliyoanzisha hija ya jirani yao ndiyo yaliyoanzisha ya kwao. Kila ninapolifikiria jambo hili linaniuma. Tunaishi katika nchi inayojivunia kuwa Mwislamu na Mkristo wanazikana na kuozana, kisha mahali ambapo historia imewaweka pamoja waziwazi, tumepanga safari zetu kana kwamba ni miji miwili.

Siku moja na mwongozaji wenu ndiyo njia rahisi niijuayo ya kuziba pengo hilo. Yeye hana parokia anayoitumikia siku hiyo wala tarika. Asubuhi Kaole, mchana Mji Mkongwe na mtaa wa Sheikh Ramiya, alasiri misheni. Mkatoliki anasimama kwenye kaburi la shehe akasikia kwamba aliyelala hapo alifika akiwa mtumwa. Mwislamu anasimama chini ya ule mnara anakumbuka kwamba wengi wa waliowahi kuutazama walikuwa watoto walionyang'anywa wazazi wao. Na maswali magumu yanapata nafasi. Pale misheni mnaweza kuuliza maisha ya hao watoto yalikuwaje, mkasikia habari za ratiba kali ya kazi na sala, na za baadhi yao waliotoroka. Kwa Sheikh Ramiya mnaweza kuuliza ni nani aliyekuwa bwana wake, mkajibiwa kuwa alikuwa liwali wa mji, Mwislamu mwenzake. Kwenye mnara mnaweza kuuliza kwa nini Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha, ilhali mwili wa Livingstone ni wao walioutoa porini. Maswali hayo hayamvunjii mtu heshima. Wenyeji wanayajua, na wengi hufurahi kuulizwa na Mtanzania mwenzao.

Sasa kuhusu ibada. Nimekubali kwamba hija ni ya jumuiya, na sibadilishi neno. Siku ya ziara au siku ya hija ya jimbo, usimkodi mtu. Nenda na watu wako ukaombe. Kinachonishangaza ni kuwa tunadhani tukishakwenda hivyo tumemaliza. Sala inamtaka Mungu na wenzako. Kuujua mji kunataka muda, na maelezo ya mtu aliyezaliwa hapo. Mambo hayo mawili hayagombani, na aliyefanya la pili nadhani husali vizuri zaidi anaporudi kwa la kwanza, kwa sababu anajua amepiga magoti juu ya nini.

Kuhusu pesa pia kuna la kusema, ingawa halimfuti asiyenayo. Gharama kubwa ya siku hiyo kwa kawaida ni gari, na mara nyingi inaongezwa na dalali wa Dar anayekuuzia kila kitu kwa bei moja. Mnaweza kupanda daladala hadi Bagamoyo, mkazunguka kwa bajaji, mkamkodi mwongozaji wa pale pale. Familia mbili zikichangiana, mzigo unapungua tena, na watu saba au wanane bado ni wachache wa kusikilizana. Isitoshe, kwetu raia kiingilio cha maeneo ya mambo ya kale ni cha chini sana kuliko cha mgeni. Na ile pesa ya mwongozaji inabaki mjini, kwa kijana ambaye vinginevyo anangoja msimu wa watalii, na ambaye akipata wateja wa Kiswahili mwaka mzima atakuwa na sababu ya kusoma zaidi. Tunalalamika kwamba wanasimulia kwa ajili ya wageni, nasi hatujawahi kuwa wateja wao.

Kwa anayetaka kujaribu: mwambieni tangu kwenye simu kwamba mnataka kufika kote, Kaole, kwa Sheikh Ramiya na misheni, maana asipoambiwa atadhani mnataka la dini yenu tu. Epukeni Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, ili msiwasumbue wanaosali. Kina mama wachukue mtandio au kanga, kina baba suruali ndefu. Anzeni Kaole mapema kabla jua halijakaza, kwa kuwa kivuli ni kidogo na mawe hutoa joto. Ombeni ruhusa ya picha kabla ya kutoa simu, hasa makaburini, na msipande kuta. Matumbawe yaliyolishwa chumvi miaka 700 humeguka kwa kiatu cha mtoto. Mlipeni mkononi, na mkiridhika naye, wapeni namba yake majirani zenu wa dini nyingine.