Jack Rose Ilivyoishia Kwenye Ugali

Jack Rose ni kinywaji cha Kimarekani, kokteli ya brandi ya matufaha. Huku Mafinga, mkoani Iringa, tulikinywa, au niseme tulikaribia kukinywa, mwezi wa Juni, kwenye baridi ile ambayo hata jogoo anachelewa kuwika. Binamu alikuja na brandi ya matufaha ya akina Laird wa New Jersey, watu walio kwenye biashara hiyo tangu 1780, na mjomba akajiteua fundi.

Vipimo si vigumu. Kwa mtu mmoja: brandi mililita 60, ndimu iliyokamuliwa papo hapo 20, shira ya komamanga (grenadini) 15. Sasa komamanga utalitoa wapi Mafinga? Tukachukua rozela kavu (choya) gramu 20, tukaichemsha dakika tano kwenye maji mililita 250, tukachuja na kukoroga sukari gramu 250 maji yangali ya moto. Ikatoka rangi ya damu ya mzee, nzuri kuliko hizo grenadini za dukani ambazo nyingine ni sukari na rangi tu. Rozela ina ukali wake, kwa hiyo ndimu tukaishusha hadi 15. Na shira ipoe kabisa, maana ikiwa ya moto inayeyusha barafu yote, unaishia kunywa maji yenye rangi.

Mpaka hapo mambo safi. Mjomba akamimina vya watu wawili kwenye kopo la kutikisia kokteli, lile la vikombe viwili vya chuma vinavyofunikana, akajaza barafu, akafunika, akaanza kutikisa. Sekunde 15 zinatosha: kopo likiota ukungu nje na vidole vikianza kuuma, acha. Yeye alitikisa mpaka wimbo wa redioni ukaisha.

Kopo likagoma kufunguka. Ndivyo linavyofanya: hewa ya ndani ikipoa inasinyaa, vikombe vinavutana. Dawa yake ni kuligonga mara moja kwa kisigino cha kiganja, ubavuni, pale vikombe vinapoanza kuachana.

"Anko, gonga ubavuni."

"Usinifundishe chuma, mimi nimekulia gereji."

Akagonga kitako, kikombe kikazidi kuzama. Akaleta plaizi, ikateleza. Ndipo akaiona sufuria ya maji ya ugali inafuka mvuke jikoni.

Hesabu yake haikuwa mbaya: chuma kikipata joto kinatanuka. Ila na hewa iliyofungiwa ndani inatanuka vilevile, tena inatafuta pa kutokea. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu kingemaliza kazi, lakini mjomba akatumbukiza kopo zima. Tukainama kuchungulia.

Pwaa! Kikombe kidogo kikaruka, kikagonga bati, kikatua kwenye ndoo ya pumba za kuku. Kile kikubwa kikalala ubavu, na Jack Rose ya watu wawili ikasambaa kwenye maji ya ugali, nyekundu, inanukia ndimu.

Bibi akaingia na ungo wa unga. Bibi ni mlokole, harufu ya pombe anaisikia tangu barabarani. Akaitazama sufuria, akamtazama mwanawe mwenye plaizi mkononi.

"Kamwene, fundi," akamsalimia kwa Kihehe.

Kwake hakimwagwi kitu. Akaacha maji yatokote bila mfuniko, mvuke ukamalizikia dirishani, kisha akatia unga akasonga.

Ukatoka ugali wa pinki, umekaza vizuri tu. Sisi tukasongewa mwingine. Ule wa pinki wote ukaandaliwa mbele ya mjomba, na maharage pembeni.

"Kula, baba. Si ulisema unasikia baridi?"

Mjomba akala kimya. Alipofika katikati ya bonge akaniegemea, akaninong'oneza: "Ile ndimu, ungeishusha mpaka 10."