Polisi wa Dar es Salaam wamjibu nani?

Kila unapozuka mjadala kuhusu polisi wa Dar es Salaam, wanaotaka askari wawajibike kwa wakazi huambiwa kwamba wana nia ya kulidhoofisha Jeshi la Polisi. Naona watu hawa hawajasikilizwa vya kutosha.

Ngazi zinafahamika. Mkuu wa kituo (OCS) anamjibu mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), OCD anamjibu kamanda wa mkoa wa kipolisi, uwe Ilala, Kinondoni au Temeke, na wote wako chini ya Kamanda wa Kanda Maalum ya Dar es Salaam. Juu yake yupo Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), anayeteuliwa na Rais. Kamati za usalama zinaongozwa na Mkuu wa Mkoa na wakuu wa wilaya, nao ni wateule wa Rais. Diwani na mwenyekiti wa mtaa, waliopigiwa kura na watu wa Buza au Manzese, wanaweza kuomba tu.

Wanaoutetea muundo huu wana hoja. Jambazi aliyepora Mbagala asubuhi anaweza kulala Tegeta usiku. Julai 2015 kituo cha Stakishari kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikachukuliwa. Agosti 2016 askari wanne wakauawa Mbande. Siku kama hizo zinahitaji amri moja. Tena, ukimweka OCS chini ya diwani, kesho atatumwa kumkamata mpinzani wa diwani. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siungi mkono polisi wa manispaa.

Lakini wakazi wengi hawaombi polisi wa manispaa. Mtu akiibiwa simu Kariakoo anafungua jalada, anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, na hata kesi ikilala ana namba ya kufuatilia. Aliyedaiwa fedha ili apewe dhamana, au aliyepigwa mahabusu, anaelekezwa wapi? Mara nyingi ni kwa mkuu wa kituo kilekile, kaunta ileile, mbele ya wenzake na huyo anayemlalamikia. Wengi huishia mlangoni. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina uwezo wa kuchunguza, ila kwa kawaida mwisho wa kazi yake ni mapendekezo.

Hapa ndipo penye madhara makubwa, na hayasemwi. Lalamiko lisiloandikwa halihesabiwi, na lisipohesabiwa kamanda mwenyewe hawezi kujua ni kituo gani kimeharibika. Kwenye mikutano na waandishi tunasomewa idadi ya watuhumiwa, silaha na pikipiki zilizokamatwa. Idadi ya malalamiko dhidi ya askari, na yalivyoishia, ni nadra kuisikia, katika mkoa ambao Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728. Anayeumia baadaye ni polisi mwenyewe: mama lishe anayejua wanakolala panya road, vijana wanaopora kwa makundi, atanyamaza ikiwa anamwogopa askari kuliko anavyowaogopa wao.

Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa mikononi mwa polisi wa jiji hili. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema ni majambazi. Ilibidi Rais aunde tume iliyoongozwa na jaji ndipo maelezo hayo yakaanguka. Kijana wa Tandale anayekufa kimyakimya hana Rais wa kumuundia tume, na huyo ndiye anayehitaji zaidi mahali pa kupeleka shauri lake nje ya kituo.

Julai 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti iliyotaka polisi isukwe upya. Hilo ni la muda mrefu. Wakati tukisubiri, tayari kuna wakaguzi wa polisi waliopangiwa kata. Wananchi wa kata hizo wanachangia fedha za ulinzi shirikishi, na penginepo wamejenga kituo kwa nguvu zao. Mtendaji husoma mapato na matumizi kwenye mkutano wa mtaa na huulizwa maswali. Mkaguzi naye aje aseme: majalada mangapi yalifunguliwa, mangapi yalifika mahakamani, askari wangapi walilalamikiwa na nini kilifanyika. Siri za upelelezi zibaki kwake. Amri haikatiki, diwani hapewi bunduki, na agizo la kuanza mikutano hiyo Kamanda wa Kanda Maalum anaweza kulitoa mwenyewe wiki hii.