Ngozi ya tumbo na ngozi ya mkono si kesi moja

Mtu akipungua kilo 50 au 60, mtaa mzima humpongeza. Jioni akivua nguo anakutana na jambo ambalo pengine hakuna aliyemdokezea: ngozi haikupungua pamoja naye. Tumbo limeshuka hadi juu ya mapaja, na mikono ikiinuliwa inaning'inia. Mazoezi hayalitatui hilo. Yanajenga msuli ulio chini, lakini nyuzi za kolajeni na elastini zinazoifanya ngozi ijikaze zimekwishaharibika, na lastiki ya sketi iliyovutwa miaka kumi haibani tena hata uifue kwa sabuni gani. Krimu za "kukaza ngozi" zinamnufaisha anayeziuza.

Ndipo linapokuja wazo la kwenda kuikata ngozi hiyo kwa upasuaji. Wapo wanaosema huo ni urembo mtupu, afya umeshapata, shukuru Mungu. Wapo wanaosema ni hatua ya mwisho ya kutibu unene, na kumnyima mtu ni kumwachia tiba nusu. Mimi naona wote wanateleza mahali pamoja: wanauzungumzia mwili kana kwamba ni kipande kimoja.

Tuanze na tumbo. Chini ya ule mkunjo jasho halikauki, hasa kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa. Ngozi inasuguana, inachubuka, fangasi wanaingia, harufu inafuata. Dawa ya kupaka inatuliza wiki mbili, kisha mambo yanarudi palepale. Kutembea kunachosha, na suruali haikai. Hakuna urembo katika maelezo hayo. Hata kampuni za bima za Marekani, ambazo hazijulikani kwa ukarimu, nyingi hukubali kulipia ukataji wa ngozi hiyo ikiwa imeshuka hadi kufunika sehemu ya siri na vidonda vimekataa dawa kwa miezi kadhaa. Kukaza misuli ya tumbo na kutengeneza kitovu kizuri hazilipii. Ni ukali, lakini mstari umechorwa mahali panapoeleweka.

Mkono ni habari nyingine. Mara nyingi hauugui. Unamkera mwenyewe tu. Ngozi yake ikikatwa, unabaki na kovu kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na sisi wenye ngozi nyeusi tunajua kovu linavyoweza kufura na kuwasha kwa miaka. Unabadilisha ngozi iliyolegea, inayofichika ndani ya dera, kwa alama ambayo pengine nayo utaificha ndani ya dera lile lile. Hata hivyo sitamcheka anayeamua kuikata. Kuna watu hawajavua nguo mbele ya mwenzi wao taa ikiwaka tangu walipopungua, na hayo nayo ni maumivu. Nasema tu kwamba mizani yake ni tofauti.

Maana operesheni yenyewe si ndogo. Kidonda cha tumbo hupita kutoka nyonga hadi nyonga. Majimaji hujikusanya chini ya ngozi, kingo za kidonda huachia, damu inaweza kuganda mguuni ikasafiri hadi kwenye mapafu. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako hatarini zaidi. Aliyepungua kwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula anaweza kuwa na upungufu wa protini, madini ya chuma au vitamini B12, na mwili usio na protini hauungi kidonda vizuri. Ndiyo maana madaktari bingwa hutaka uzito uwe umetulia angalau miezi sita, na baada ya upasuaji wa kupunguza unene husubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Mwanamke anayetaka kuzaa tena hushauriwa amalize kwanza, kwa sababu mimba itaitanua ngozi upya.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vifurushi vya safari: India au Uturuki, tumbo, mikono na mapaja kwa mkupuo mmoja. Saa nyingi za nusu kaputi, kisha ndege ndefu na kidonda kibichi. Kidonda kikiachia ukiwa umesharudi nyumbani, daktari wa hapa atakipokea bila kujua kilichofanyika ndani. Nyumbani napo pana mitego. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta ya mwilini kwa mrija, na baraza la madaktari likaifunga kliniki. Kunyonya mafuta, kwa taarifa, hakuondoi ngozi iliyolegea. Kunaweza kuiacha imelegea zaidi.

Angeniuliza ndugu yangu, ningemwambia aanze na tumbo peke yake, uzito ukishatulia, katika hospitali ambayo anaweza kurudi kwa daktari yule yule wiki inayofuata akiona usaha. Mikono aipe mwaka. Akishavaa suruali bila kulikunja tumbo ndani yake, huenda habari ya mikono akaisahau.