Kubuni Peke Yako, Kufanya Kazi na Wenzako: Sanaa ya Pamoja Lamu

Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, husifiwa kwa milango yake ya nakshi, lakini wanaoisifu huitazama kazi iliyokwisha, na ni nadra kuuliza ilivyofanywa. Swali hilo lina uzito sasa, kwa kuwa vijana wengi wanaoanza kuchora au kuchonga hujifunza kwa simu, kila mmoja chumbani mwake, na hawaoni haja ya kukaa na mtu.

Tuanze na karakana. Mlango mmoja una miimo miwili, kizingiti cha juu na mfaa wa katikati (ubao unaofunika mahali mbao mbili za mlango zinapokutana), na si lazima vyote vichongwe na mkono mmoja. Kinachotakiwa ni kwamba vikikutanishwa, nakshi zisigombane. Mwanagenzi huanza na msasa na mafuta, kisha hupewa pambizo, na huchelewa sana kukabidhiwa kizingiti. Katika muda huo wote jicho lake liko kwenye patasi ya jirani: anavyoilaza, anavyougeuza ubao ili afuate nyuzi za mti badala ya kuzikata. Video itamwonyesha patasi inavyoingia, ila haitamwambia kwamba yake ameisimamisha mno. Aliyeketi karibu atamwambia papo hapo, pengine kwa maneno makali.

Kwa wanawake wanaosuka ukili wa miyaa, yaani majani ya kusukia mikeka, faida ya kukaa pamoja ni nyingine. Ukili ni utepe mwembamba, na mkeka mmoja unahitaji tepe ndefu nyingi kabla ya kushonwa. Anayesuka peke yake huchoka na kuuweka kando, wakati penye mazungumzo mkono husuka bila kuhesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwafuatilia kwa miezi saba watu wazima waliojiunga na madarasa mapya ya uimbaji, ya kazi za mikono na ya uandishi. Waimbaji walizoeana haraka zaidi, lakini kufikia mwisho, katika kila kundi wenzao walikuwa wamekaribiana kwa kiwango kilekile. Lamu, ambako kasida za Maulidi huunganisha wageni kwa usiku mmoja, jambo hilo halishangazi. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba ukili nao huwafikisha watu kwenye ukaribu huo, ingawa kwa mwendo wake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, nayo iliihusisha sanaa na afya ya mwili na ya akili.

Hata hivyo, wanaopendelea upweke wana hoja nzito. Mwaka 1958, utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale ulilinganisha makundi ya watu wanne waliobuni pamoja na watu wanne waliobuni kila mmoja kwake, kisha mawazo yao yakajumlishwa: waliotengana walitoa mengi zaidi. Karakana inalithibitisha hilo kwa njia yake. Kijana akichonga ua lisilojulikana, wenzake humwambia kwamba sivyo, naye hurudi kwenye ua la kawaida. Ni kweli kwamba ukali huo ndio uliohifadhi nakshi za Lamu na za Siyu, mji wa kisiwa jirani cha Pate, zikatufikia, na sioni haki ya kuubeza; lakini ndio huo pia unaofanya masanduku ya duka hili yafanane na ya duka la pili.

Kwa maoni yangu, mabishano haya hayamaliziki kwa sababu huchanganya hatua mbili. Mchoro na uanze kwa mtu mmoja, aukamilishe kwenye karatasi kabla jicho la mwingine halijaugusa. Kuchonga, kusuka na kusahihisha kufanywe penye watu. Hapo ndipo penye faida isiyopatikana kwingine.

Linalobaki ni jina na malipo, na hapa ushirika huwaumiza wadogo, kwani mnunuzi humjua mwenye duka tu. Mafungu yakubaliwe kabla ubao haujakatwa. Na kwa kuwa milango mingi ya pwani ina aya au tarehe zilizochongwa juu ya kizingiti, majina ya mafundi wote, pamoja na aliyepiga msasa, hayakosi nafasi upande wa ndani.