Usibandike Mwendo wa Picha Moja Juu ya Picha Zote

Juzi nilitazama video ya kumuaga mwalimu aliyestaafu, iliyoundwa kwa picha za miaka yake ya kazi, na nilikasirika kwa niaba yake. Picha ya kwanza ilimwonyesha amesimama upande wa kulia, na kamera ikamsogelea taratibu hadi uso wake ukajaa kwenye fremu. Ulikuwa mwendo mzuri, uliopimwa vyema. Katika picha ya pili aliketi kushoto, katikati ya wanafunzi wake wa zamani, na kamera ikaelekea kulekule kulia, ikamwacha mwenye shughuli nje ya fremu na kutuonyesha dirisha. Ya tatu nayo ikaenda kulia. Ilikuwa wazi kwamba mhariri alipanga vifremu vya picha moja, yaani alama za muda zinazoiambia programu picha ikae wapi na kwa ukubwa gani, akavinakili, akachagua picha zote zilizobaki na kuvibandika kwa mkupuo mmoja.

Siwalaumu wahariri peke yao, kwa sababu ndivyo wanavyofundishwa: panga moja, nakili, bandika kwa zote. Msimamo wangu ni kwamba kinachostahili kunakiliwa kutoka picha moja hadi nyingine ni muda wa mwendo, kasi yake na ulaini wa kuanza na kusimama kwake. Mahali kamera inapokwenda ni mali ya kila picha, na pasinakiliwe kamwe bila kuangaliwa upya.

Hata hesabu inakataa. Katika Premiere Pro, programu ya kuhariri video, ukubwa wa picha hupimwa kwa asilimia ya pikseli za picha yenyewe. Chukua picha ya kamera yenye pikseli 6000 kwa 4000 na uiweke katika video ya 1920 kwa 1080: asilimia 32 inaleta upana wa 1920 kamili, na fremu inajaa. Bandika vifremu hivyohivyo kwenye picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000, na asilimia 32 ileile inakupa 1280 kwa 960, yaani picha inayoelea katikati ya weusi, pikseli 320 kila upande na 60 juu na chini. Ukigeuza mambo, asilimia 48 inayotosha kwa picha ya simu inaitanua ile ya kamera hadi upana wa 2880, na theluthi nzima ya upana huo inaangukia nje. Wengine huamini kwamba wakishaiamuru programu ibadilishe thamani ya ukubwa ili picha ienee kwenye fremu wamejikinga, lakini thamani hiyo hufutwa mara tu unapobandika nyingine juu yake. DaVinci Resolve, programu nyingine ya uhariri, ina nafuu katika hili, kwa kuwa hulinganisha picha na fremu kwanza, na ukuzaji unaanzia 1.00 baada ya hapo. Hata hivyo, picha ya wima na ya mlalo bado hazitakubaliana.

Muda nao una mitego yake. Tuseme kifremu cha kwanza kiko mwanzoni na cha pili kwenye sekunde ya 5. Picha unayobandikia ikikaa sekunde 3 tu, kifremu cha pili kinabaki ng'ambo ya mwisho wa klipu, na mwendo unakatika kabla ya kufika. Ikikaa sekunde 8, kamera inafika, kisha inaganda kwa sekunde 3. Kwa sababu hiyo Final Cut Pro, programu ya uhariri ya Apple, na DaVinci Resolve, katika dirisha la kubandika sifa (mipangilio ya klipu moja juu ya nyingine), hukupa uchaguzi wa kudumisha muda wa awali au kuunyoosha ulingane na klipu, na Premiere Pro ina kisanduku chake cha kazi hiyohiyo. Visomwe kabla ya kubofya. Kunyoosha nako hakuleti usawa wa kasi: ukuzaji wa kutoka asilimia 100 hadi 115 kwa sekunde 5 unakwenda pointi 3 kila sekunde, lakini ukibanwa ndani ya sekunde 3 unakwenda pointi 5.

Hayo yote tisa. La kumi ni uso wa mtu. Mwendo wa kamera juu ya picha tuli ni kauli. Unamwambia mtazamaji: anzia hapa, kisha tazama pale, kwa sababu pale ndipo penye jambo. Fikiria picha ya ndugu wawili wadogo, ambapo mdogo ameshika kwa nguvu mkono wa shati la kaka yake huku wote wawili wakijitahidi kuonekana wakakamavu. Mhariri aliyeitazama picha hiyo ataanzia kwenye kile kiganja na kurudi nyuma polepole hadi nyuso zionekane, na mtazamaji atafahamu jambo ambalo hakuna aliyelisema. Mhariri aliyebandika vifremu vya picha iliyotangulia ataivuta karibu katikati, kwenye vifungo vya shati, kwa kuwa katika picha iliyotangulia katikati palikuwa na uso. Picha ni ileile, muda ni uleule, na kilichopotea ndicho kilichofanya picha hiyo itunzwe miaka yote. Katika video ya tangazo hasara hiyo inavumilika. Katika video ya kumkumbuka marehemu, ambayo familia yake itaitazama tena na tena, ni kumkosea heshima.

Waliotangulia katika kazi hii walilijua hilo. Mwaka 1957 Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ilitoa filamu fupi iliyopitisha kamera juu ya picha za zamani za mji wa Dawson, na ilibidi kila mwendo upangwe kwa ajili ya picha yake. Ken Burns, mtengenezaji wa filamu za kumbukumbu wa Marekani, aliieneza mbinu hiyo hadi ikaitwa kwa jina lake, na mwaka 2003 Apple wakaiingiza katika iMovie, programu yao ya kuhariri video, ili programu iweze kuusogeza mwendo yenyewe. Jina limebaki, uteuzi umeachwa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba zipo kazi ambazo kubandika kwa mkupuo kunazifaa: kurasa za nyaraka zilizochanganuliwa kwa kipimo kimoja, au bidhaa zilizopigwa picha kamera ikiwa palepale. Nakiri pia kwamba mhariri mwenye picha mia mbili na usiku mmoja hana anasa ya kubuni kila mwendo upya.

Lakini hata yeye anaweza kubandika, kisha akapita picha moja baada ya nyingine na kurekebisha nafasi katika kifremu cha mwisho. Aruke hadi kwenye kifremu chenyewe kwa kitufe chake, asikikisie kwa jicho, kwa sababu kielekezi cha muda, ule mstari unaoonyesha ulipo katika video, kikisimama hata fremu moja pembeni, badiliko lake linazaa kifremu cha tatu na kamera inayumba kabla ya kutua. Kila picha inadai sekunde chache, na nyuso zinabaki ndani ya fremu.

Kwa watengenezaji wa programu nina ombi moja. Dirisha la kubandika sifa limetupa visanduku vya kuchagua aina ya sifa, lakini tukichagua nafasi tunalazimika kuchukua thamani zake pamoja na muda wake. Tupeni kisanduku kinachobandika muda na ulaini peke yake, ili vifremu viwasili kwenye picha mpya vikiwa na mpangilio wao wa kasi, huku vikiacha picha mahali ilipo hadi mhariri aamue kamera iende wapi.