Bwawa nalo lina wenyewe

Mtajie sangara wa Ziwa Victoria mtu anayetetea kupandikiza samaki wawindaji, naye atajibu upesi: lile ni ziwa la kale, bwawa ni maji yaliyozuiwa juzi kwa zege. Furu, samaki wadogo wa asili walioliwa na sangara huyo, walikuwa na mengi ya kupoteza. Bwawani kuna nini?

Hoja hii ina uzito. Mto ukizuiwa, samaki waliozoea mkondo hudhoofika, wanaohama kwenda kutaga hukatiwa njia, na maji mengi yaliyotulia huonekana kukosa wa kuyatumia. Ndivyo tukunare, mwindaji wa Amazoni, alivyosambazwa katika mabwawa mengi ya Brazili. Nyama yake ni tamu, na wavuvi wa burudani humfuata mbali.

Ila nafasi hiyo haikuwa tupu. Katika bwawa la Rosana, kwenye mto Paranapanema, watafiti walipima samaki wadogo wa magugu-maji kabla na baada ya tukunare kuingia. Ndani ya miaka 2 wingi wa samaki wa asili ulishuka kwa takriban asilimia 95, na idadi ya aina zao kwa takriban asilimia 80. Yaani kati ya samaki 20, alibaki 1. Nimejaribu mara nyingi kuipunguzia makali tarakimu hii. Kweli, vipimo vilikuwa vya kwenye magugu, si vya bwawa zima. Lakini magugu ndiyo malezi: vifaranga hujificha humo, na samaki wadogo hupata humo chakula na kinga. Kila nikitafuta unafuu, narudi kwa huyo mmoja kati ya 20.

Wengine husema lawama ni ya bwawa, si ya samaki. Nakubali kwamba bwawa ndilo lililotangulia kuua. Ila pia ndilo lililomwandalia tukunare makazi. Tope likituama, maji huwa maangavu, naye huwinda kwa macho. Anazaliana bila mkondo, na hulinda mayai na watoto wake. Samaki wa mtoni, waliokwisha kudhoofishwa na ukuta, wanakutana na adui wasiyemjua kabisa.

Na wanaosema tusubiri, maumbile yatajisawazisha? Ziwa Gatun la Panama ni bwawa la tangu 1913. Tukunare aliingia kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Kati ya aina 8 za samaki waliokuwa wengi, 6 zilitoweka katika maeneo aliyofika, na ya 7 ikapungua vibaya. Ndege waliotegemea samaki wadogo nao wakaadimika. Watafiti walirudi kupima miaka 45 baadaye: samaki wa asili hawakuwa wamerejea.

Mizani ya mwaloni haiyaoni mambo haya. Inapima kilo 1 ya tukunare, haipimi kilo nyingi za samaki alizokula ili aifikie, na kwa hiyo miaka ya mwanzo ya neema hudhaniwa kuwa faida. Mawindo yakiisha, tukunare hula hata watoto wake mwenyewe.

Alikokwisha kuingia, wavuvi wamvue bila kikomo cha ukubwa wala idadi. Desturi ya kumnasa, kumpiga picha na kumrudisha majini naiona ni kosa. Na bwawa ambalo bado hajafika lilindwe hata dhidi ya ndoo moja ya vifaranga vyake.